Mlango wa Mama Mkwe

Nyumba za matofali mabichi za Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, hazina adabu ya kuaga. Ya Mathilde ilisimama mvua zote za Desemba na Januari, mpaka majirani wakaanza kuisifu. Kisha mchana mmoja wa Februari, mwenyewe akiwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, ukuta wa nyuma ulilegea ukaenda chini, na paa likaufuata. Aliporudi alikuta kuku wa jirani wanapekua mahali palipokuwa kitanda chake. Hakulia. Alisimama na mwavuli wake, akasema, "Sasa hii njo nini tena," halafu akaanza kutafuta cherehani yake ndani ya tope.

Aliyeitoa ile cherehani ni Lwaboshi, mume wa binti yake Charlène. Alikuja mbio na sepetu begani, akafukua, akaisafisha kwa shati lake mwenyewe, na kazi yote hiyo aliifanya akiwa amempa mama mkwe wake mgongo. Alipomaliza aliiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma, akasema huku akiangalia barabara, "Pole sana, Maman." Mathilde naye akajibu akiangalia upande wa pili, "Aksanti, mutoto." Mtu asiyejua angedhani hawa wawili wamegombana. Kumbe hivyo ndivyo walivyopendana.

Mathilde alizaliwa Bukavu, Kongo, mtaa wa Kadutu, binti wa mzee Balagizi, na alisomea ushonaji kwa masista. Mumewe alikuwa mwalimu, naye amezikwa hapa hapa Dzaleka. Kwa miaka mingi mama huyu alikuwa na kibanda chake Nsungwi, kule Lilongwe, akishona sare za shule, na kola zake zilisifiwa hata na Wamalawi ambao mwanzoni walikuja kwake kwa sababu ya bei tu. Ilipotoka amri kwamba wakimbizi wote warudi kambini, alirudi na cherehani na ulimi wake mkali, akapanga nusu ya nyumba kwa mtu, na hiyo nusu ndiyo iliyoanguka. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na alikuwa hana pa kulala.

Swali la watu lilikuwa moja tu: si Charlène ana nyumba? Anayo, na nzuri. Lwaboshi aliijenga mwenyewe, ina sebule na chumba, na paa la bati lisilovuja. Lakini aliyeuliza hivyo alikuwa mtu wa mbali. Kwa Bashi, kabila la akina Mathilde, na kwa Bafuliiru wa akina Lwaboshi vilevile, mama mkwe hali sahani moja na mkwe wake, hamtaji kwa jina, hamkodolei macho, na zaidi ya yote halali chini ya paa moja naye. Akilala pale atamsikia akikohoa, atamsikia akigeuka kitandani, na asubuhi watakutana mmoja ana ndoo ya maji ya kuoga na mwingine ana mswaki mdomoni. Afadhali kunyeshewa.

Lwaboshi alijitolea kuhama nyumba yake akalale kwa rafiki ili mama mkwe apate nafasi. Mathilde aliposikia alishika kichwa. Mwanamume afukuzwe kitandani mwake na mama mkwe, katika kambi hii ambayo watu hawana kazi ya kufanya ila kusema? Hilo wangelitungia wimbo kabla ya Jumapili.

Kwa hiyo akalala kwenye chumba cha ushonaji cha akina mama wa kanisa, juu ya mkeka, kati ya meza ya kukatia nguo na ukuta. Asubuhi alilazimika kukunja mkeka kabla wenzake hawajafika na mikasi yao. Kuoga aliomba kwa huyu na yule, kupika hakupika kabisa. Charlène alimletea chakula kwenye bakuli lililofunikwa, na Mathilde alikila kwa shukrani na kwa aibu, kwa sababu alijua jasho lililokinunua ni la mkwe wake. Kwa desturi mama mkwe ndiye humlisha mkwe. Sasa mambo yamepinduliwa kichwa chini miguu juu, na yeye hana hata figa moja la kuanzia kuyapindua tena.

Ndipo akasikia habari za Foyer. Ilikuwa imejengwa pembeni mwa kambi na shirika moja lenye ofisi Lilongwe, Area 18, kwa ajili ya watu wazima wasio na pa kukaa, wajane hasa na wagonjwa. Mwanzoni mchoro wake ulikuwa ukumbi mmoja wenye vitanda vilivyopangwa mstari na jiko moja kubwa la kuni. Mama mmoja wa Uvira, Régine, ambaye sasa ndiye msimamizi, aliuangalia ule mchoro akauliza ni hospitali ya ugonjwa gani. "Mwanamuke bila mafiga yake ni mugeni," aliwaambia, "na mugeni hapumzikake." Wakabishana msimu mzima. Mwishowe kila mtu akapata chumba chake chenye mlango wa kutokea uani, na mafiga yake chini ya kibanda kidogo mbele ya mlango. Régine akawa anazunguka kuwaona, nani hajala, nani apelekwe zahanati, nani ana huzuni na anahitaji mtu wa kukaa naye bila kusema kitu.

Siku moja kila wiki alikuja kutoka Lilongwe mama aliyeamua nani apate chumba, Mayi Nankhoma, mwenyeji wa vijiji vya kule Mitundu, mpole, miwani yake ikining'inia kwenye mkufu kifuani. Mkalimani wake alikuwa Guelord, bwana mmoja aliyekulia kambini na kusoma mpaka chuo, kapera. Mathilde alivaa kitenge chake kizuri akaenda kwenye ofisi yao ya kambini, biro kama wanavyoiita.

"Una mtoto hapa?" Mayi Nankhoma aliuliza, na Guelord akafasiri.

"Niko naye. Mutoto mwanamuke."

"Ana nyumba?"

"Iko nayo. Nyumba muzuri."

"Basi, Amayi, kwa nini usikae kwa binti yako?"

Aliuliza bila ubaya wowote. Kwao Wachewa nyumba ya binti ndiyo nyumba ya mama. Binti haendi popote, anabaki kwa mama yake, na mume ndiye anayekuja na godoro lake kujenga ukweni. Mama kukosa kukaa karibu na binti yake, kwa Mayi Nankhoma, lilikuwa jambo lisiloingia akilini, labda pawe na balaa.

Mathilde aliangalia chini. Mbele yake amekaa Guelord, mwanamume, umri wa wanawe. Vipi amweleze mwanamume habari za kitanda cha mkwe wake?

"Mi siwezi lala kwa ule bwana," alisema polepole.

"Bwana gani?"

"Ule wa mutoto wangu."

"Anaitwa nani?"

Mathilde akavuta kitenge akafunika kichwa mpaka kwenye paji la uso. "Jina yake siwezi taja."

Mayi Nankhoma aliweka kalamu chini. "Amekufanyia kitu?"

"Ile mambo haisemekake," alijibu Mathilde, na sauti ikazidi kuwa ndogo.

Guelord hakukosea hata neno moja. Yote aliyafikisha kama yalivyotamkwa, na kama angekuwa na mama mkwe wake mwenyewe huenda angeongeza la kwake, lakini hakuwa naye. Mayi Nankhoma alikuwa amefundishwa dalili: mwanamke anayejifunika uso, asiyetaja jina la mwanamume, asiyekanyaga nyumba yake, anayesema mambo hayasemeki. Heshima na hofu, ukizitazama kutoka nje, huvaa kitenge kimoja. Akanyoosha mkono akaushika wa Mathilde. "Zikomo, Amayi," alimshukuru. "Nimeelewa."

Hajatokea mtu aliyeelewa vibaya zaidi ya hapo.

Ufunguo ulifika upesi mno, wakati kuna watu waliokuwa wakiungojea tangu mwaka wa jana, na Mathilde hakujiuliza kwa nini. Nani hujiuliza? Régine alimpeleka mpaka mlangoni. Ulikuwa mlango wa mbao uliopakwa rangi ya buluu, na mbele yake mafiga mapya hayajapata hata doa la moshi. Wahenga wamesema nyumba njema si mlango. Hao wahenga walikuwa na milango. Mathilde aliufungua akaufunga, akaufungua tena, akaingia akakaa pembeni mwa kitanda, akashusha pumzi ambayo, kwa hakika, alikuwa ameizuia tangu ukuta ulipoanguka. Akaanza kupanga cherehani ikae wapi ipate mwanga, sufuria zining'inie wapi, na Jumapili apike nini.

Alikuwa bado anapanga Charlène alipoingia bila kubisha hodi, kichwa wazi, kandambili miguuni.

"Maman, ulisema nini kule biro?"

"Nilisema nini? Nilisema siko na nyumba."

"Bantu ba sekirite balikuja kwetu. Mchana, majirani bote banaangalia. Banamukataza asikukaribie. Banamuuliza kama anakupigaka."

Mathilde hakufahamu mara moja. "Anapigaka nani?"

"We, Maman. Banasema anakupigaka."

Mchuma janga hula na wa kwao. Lwaboshi alikuwa shemasi, na sasa mchungaji amemwomba akae kando kidogo mpaka mambo yaeleweke. Wateja wake wa samaki wamempita bila salamu. Hakula jana wala leo. Alikaa sebuleni akaangalia sakafu, na neno alilosema lilikuwa moja, na Charlène akalirudia huku anajifuta kamasi kwa mkono: "Anauliza tu, 'Nilimukosea Maman wapi?'"

Neno hilo lilimchoma Mathilde kuliko ambavyo tusi lingemchoma. Angemtukana, angepata pa kujibia.

Régine, aliyekuwa amesikia yote uani, alikuja akasimama mlangoni. Alikuwa mtu wa kusema kweli hata ikiwa chungu. "Maman Mathilde, usikimbie kwanza. Hii chumba ulipewa mbele ya bengine juu balisema uko mu danger, mu hatari. Ukienda kusema danger hakuna, banakunyanganya. Na mustari ni murefu."

Tusimpambe Mathilde tukamfanya malaika. Aliutaka ule mlango. Alifikiri, na alifikiri kwa muda mrefu, akiwa ameshika ufunguo mapajani, kwamba mambo hutulia yenyewe, kwamba watu wa kambi husahau, kwamba anaweza kulala hapa mpaka mvua ziishe ndipo aende kusafisha jina la mkwe wake taratibu. Alifikiri mkeka ule kati ya meza na ukuta. Alifikiri kuomba maji ya kuoga kwa wanawake aliowafundisha kushika sindano. Mgongo ukamuuma kwa kufikiri tu.

Halafu akainuka.

"Njo nilale juu ya jina ya mutoto wa bantu?" alimwambia Régine. "Usingizi gani ile?"

Cherehani yake hakuihamishia pale. Régine, akikunja uso, akamtafutia ruhusa ya kutoka kambini, na asubuhi Mathilde akaenda Lilongwe na ufunguo umefungwa kwenye ncha ya kitenge.

Ofisi ya Area 18 ilikuwa nyumba ya kupanga kama nyumba nyingine za mtaa, ila ina kibao getini. Ndani mfagizi alikuwa anapiga deki kwenye ukumbi mwembamba. Mayi Nankhoma alimpokea kwa mikono miwili, akamketisha, akamwita Guelord. Mathilde akafungua fundo, akaweka ufunguo juu ya meza.

"Ule bwana hana kosa," alisema. "Kamata fungulo yenu."

Mayi Nankhoma alimtazama kwa huruma nyingi, na huruma hiyo ndiyo iliyoharibu kila kitu. "Nani amekutuma, Amayi?"

"Hakuna muntu."

"Binti yako alikuja kwako?"

"Alikuja."

"Akalia?"

"Njo, alilia. Angekosa kulia?"

"Akakuomba ukane?"

Mathilde alianza kuona shimo aliloingia. Kila alilojibu lilizidi kumdidimiza mkwe wake. Wanawake wangapi wamekaa kwenye kiti hicho hicho wakasema mume hana kosa, mkwe hana kosa, nilianguka mwenyewe? Mayi Nankhoma aliwajua wote, na alikuwa ameapa moyoni kutowaamini. Mathilde akatoka jasho. Akamgeukia Guelord.

"We mutoto, leo utasikia mambo haupashwe kusikia. Tafsiri tu, usiniangalie."

Na Mathilde akasema. Alieleza kitanda, na pazia linalotenga kitanda na sebule, na kukohoa, na ndoo ya maji ya kuoga. Alisema kwao mama mkwe akimtaja mkwe kwa jina ni kama amemvua nguo barabarani. Guelord alifasiri akiangalia dari, masikio yamemwiva. Mathilde alipomaliza aliona haya mpaka kwenye nyayo, naye Mayi Nankhoma alitikisa kichwa taratibu, kwa upole ule ule. Alikuwa ameshasikia hadithi nyingi zilizopangwa vizuri na familia.

Hapo mlango ukagongwa ukafunguliwa.

Alikuwa Lwaboshi, amevaa koti la Jumapili, kofia mkononi, Charlène nyuma yake. Alikuwa ameomba ruhusa akaja mwenyewe kuuliza kosa lake, kwa kuwa kukaa sebuleni akiangalia sakafu kulikuwa kumemshinda. Hakuna aliyemwambia kwamba mama mkwe wake yumo. Aliinua macho kutoa salamu, na macho yakakutana na ya Mathilde, karibu, uso kwa uso, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu siku ya mahari.

Alirudi kinyumenyume kama aliyemwagiwa maji ya moto. Mguu mmoja ukaingia kwenye ndoo ya mfagizi, ukazama na kiatu na soksi, ndoo ikapinduka, maji ya sabuni yakafurika ukumbi mzima. Hakuacha kurudi nyuma. Akaenda na ndoo yake mguuni mpaka ukutani, akageuka akaukabili ukuta, na akauambia ule ukuta, "Maman, unisamehe. Sikujua kama uko mule."

Mathilde naye alikuwa ameshajibanza nyuma ya kabati la mafaili, kitenge kichwani. "Charlène," alisema kutoka huko, "muambie asitembee. Ile sabuni itamuangusha."

"Maman anasema usitembee," alisema Charlène, aliyesimama katikati.

"Muambie minasikia. Muambie aksanti."

"Anasema aksanti, Maman."

Mayi Nankhoma alikuwa amesimama tayari kuita mlinzi. Alimtazama mwanamume, mgongo ule mpana uliokunjamana kwa haya, jasho limelowesha koti. Alitazama kabati, ambako ncha ya kitenge ilikuwa inatokeza. Na ule mgongo akautambua. Aliwahi kuuona Mitundu, kwa mumewe mwenyewe, polisi mzima na kofia yake, siku alipokata kona ya ghala la mahindi akakutana ana kwa ana na mama yake Mayi Nankhoma. Polisi yule aliruka ndani ya shamba la muhogo na hakutoka mpaka mkwewe alipokwisha kupita.

Alikaa. Alianza kucheka taratibu, kisha akashindwa kujizuia, miwani ikamwanguka ikabaki kwenye mkufu. "Apongozi," alisema akifuta macho. "Kumbe ni ulemu."

Guelord hakufasiri. Mathilde aliuza sare Nsungwi miaka yote ile, na hata kwa Kichewa chake cha sokoni alijua kwamba apongozi ni mkwe na ulemu ni heshima. Nyuma ya kabati akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu jana mabega yake yakashuka.

"Kwetu mume hujenga ukweni," Mayi Nankhoma alisema alipoweza kusema, "lakini hujenga nyumba yake na mlango wake. Mama yangu hakuwahi kuingia kwetu hata siku mvua ya mawe ilipomkuta njiani. Mimi nikasikia binti ana nyumba, nikaona basi mama ana nyumba. Sikuuliza kitanda kiko wapi."

Hata hivyo ufunguo aliuchukua. Alisema chumba kilitolewa kwa sababu isiyo ya kweli, na kwa sababu hiyo hawezi kumrudishia Mathilde papo hapo, itabidi azungumze na wenzake. Mathilde akarudi Dzaleka mikono mitupu, akakunjua mkeka wake kati ya meza na ukuta. Ajabu ni kwamba alilala usingizi mzito, akakoroma, na wenzake wakamkuta asubuhi bado amelala wakalazimika kukata nguo juu ya kichwa chake.

Mayi Nankhoma alikuja wiki iliyofuata. Hakwenda ofisini. Alikwenda moja kwa moja kwa Lwaboshi, na akawa ameagiza wawepo wale wale walinzi wa sekirite waliokuja siku ile, na mchungaji, na majirani hawakuhitaji kuagizwa. Akasimama uani akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kisimani, Guelord akifasiri kwa sauti hiyo hiyo, kwamba mtu huyu hakumpiga wala kumtisha mtu yeyote, kwamba kosa lilikuwa lake yeye Mayi Nankhoma, na kwamba alikuwa ameona heshima akaiita ukatili. "Pepani, bambo," alimwambia Lwaboshi akimwomba radhi, na akapiga goti kidogo kama wanavyofanya kwao. Lwaboshi aliitikia kwa kichwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na mchungaji, aliyeona aibu yake mwenyewe, akawa mtu wa kwanza kumpa mkono.

Kisha Mayi Nankhoma akaomba kuiona nyumba. Charlène akamwingiza. Aliona sebule, aliona pazia, akalishika kwa vidole viwili akaona lilivyo jepesi. Alitoka akamwambia Régine, "Hapa mama yule hana nyumba." Ofisi yao, alisema, ilikuwa ikiuliza kama mtu ana ndugu mwenye paa. Tangu sasa itauliza kama anaweza kulala chini yake. Akamkabidhi Charlène ufunguo ampelekee mama yake, maana Mathilde, kwa kuwa mkwe wake alikuwa uani, alikuwa amesimama nyumba ya tatu, nyuma ya ua wa matete, anasikiliza kila neno.

Jumapili hiyo Mathilde hakwenda kwaya. Aliwasha moto kwenye mafiga yake alfajiri, akatwanga majani ya muhogo, sombe, mwenyewe ingawa wajane wenzake walitaka kumsaidia, akaitia mafuta ya mawese na dagaa wa ndakala waliopatikana kwa mtu wa Uvira, akasonga bugali wa muhogo, si nsima ya mahindi ya Wamalawi, akaufunika. Régine alimwambia ameweka chumvi nyingi. Alimjibu kwamba kila mtu asimamie sufuria yake.

Lwaboshi alikuja na koti lile lile na viatu vilivyokwisha kauka. Alikaribishwa kwenye kiti uani, mgongo kwa mlango wa buluu, kama inavyopasa. Charlène akampelekea maji ya kunawa, kisha chakula. Mathilde alikaa ndani, mlango umefunguliwa kiasi cha kupitisha sikio, mikono mapajani. Alimsikia akimega. Alisikia kimya cha mtu anayetafuna, na uani pakawa hapana anayesema kitu, kwa sababu Régine alikuwa amewanyamazisha wote kwa jicho. Alisubiri. Kwa kweli aliogopa kidogo kuhusu ile chumvi.

Lwaboshi alimaliza. Alikohoa, kikohozi cha mtu mwenye haja. Kisha akasema na mkewe, kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana, "Uliza Maman kama sombe ingali iko."

Charlène alianza kuinuka, lakini mama yake hakungoja kuulizwa. Alijibu kutoka ndani, kwa sauti ambayo Foyer nzima iliisikia, na machozi yalikuwa yanamshuka wala hakuyafuta.

"Muambie iko. Muambie ale ashibe, hapa ni kwangu."